Maua ya jangwani yanavutia, lakini mwangalie mtoto

Kwa miezi mingi jangwa la kusini mwa California, Marekani, ni mchanga, mawe na miiba. Lakini mvua za majira ya baridi zikinyesha vya kutosha, kati ya mwisho wa Februari na Machi ardhi hiyo hiyo hugeuka zambarau, njano na nyeupe. Ni wiki chache tu. Jua likikaza, vyote vinakauka.

Kwa familia inayotaka kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, pazuri ni hifadhi ya Anza-Borrego, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka San Diego. Hifadhi hii ni kubwa kuliko kisiwa cha Unguja. Dada yangu anaishi San Diego na wanawe wawili, wa miaka tisa na sita, na nilipowatembelea mwezi Machi tuliondoka asubuhi na mapema. Barabara inapanda milima hadi Julian, mji mdogo unaosifika kwa pai za tufaha, kisha inashuka kwa kona kali. Mwenye mtoto anayetapika garini abebe mifuko. Sisi tulitumia miwili.

Chini, pembeni mwa mji wa Borrego Springs, maua ya zambarau yalikuwa yametambaa mchangani kama mkeka, na katikati yake meupe makubwa na ya njano yanayofanana na alizeti ndogo. Mbegu zake hukaa mchangani kwa miaka. Maganda yake yana kemikali zinazozuia kuota, na manyunyu hayatoshi kuziosha, hadi inyeshe mvua ya kweli. Hata hapo hazioti zote. Nyingine hubaki zikisubiri, maana zilizoota zinaweza kukauka kabla ya kuzaa.

Kwa hiyo ua linalokanyagwa leo kwa ajili ya picha halitoi mbegu ya kesho. Kuchuma maua hifadhini ni kosa kisheria. Mwaka 2017 na 2019, yalipochanua kwa wingi kupita kiasi, watu walifurika hadi barabara za mji huo mdogo zikajaa foleni.

Watoto wetu, kusema kweli, walichoka na maua baada ya dakika ishirini. Kilichowashika ni viwavi wanene wenye kijipembe mkiani, wanaokula maua hayo. Mwewe wanaosafiri kutoka Amerika Kusini hutua hapa kuwala viwavi hao. Hadithi hiyo iliwanunulia wazazi nusu saa nyingine.

Ilipofika saa tano na nusu, kipimajoto cha gari kilionyesha nyuzi 29, na upepo ulikuwa mwanana. Hakuna aliyelalamika joto. Yule mdogo akakaa chini ghafla, akakataa picha, akakataa hata viwavi. Mama yake akasema, "Amenuna huyo." Nilimgusa: mashavu ya moto, fulana kavu. Nikamuuliza alikojoa lini. "Nyumbani, mama mdogo." Chupa yake ya maji ilikuwa shingoni, imejaa.

Hapo ndipo jangwa linapotofautiana na joto letu la Dar es Salaam. Kwetu jasho linakulowesha, unajua unapoteza maji. Hewa kavu hulikausha papo hapo, mzazi haoni kitu. Na mtoto aliyezama kwenye mchezo hasikii kiu mapema.

Tulimpeleka kwenye kivuli cha gari, tukamvua viatu, tukamfuta shingo na kwapa kwa kitambaa chenye maji, akanywa maji kidogo kidogo na biskuti za chumvi. Baada ya nusu saa akaanza kugombana na kaka yake, nasi tukashukuru. Angekuwa anatapika mfululizo, amechanganyikiwa au haitiki vizuri, hilo lingekuwa suala la kumpoza haraka na kuita msaada. Sehemu kubwa ya hifadhi haina mtandao wa simu, hivyo mwambie mtu wa nyumbani mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi.

Kuanzia hapo dada aliweka kengele kwenye simu, na kila baada ya dakika ishirini kila mtu anakunywa mbele ya macho yake. Mtoto anayebeba maji si lazima awe anayanywa. Mkojo wa rangi ya chai ni dalili ya kusimamisha matembezi.

Kingine cha kubeba, ambacho wengi hawakijui, ni kitana. Kuna mmea wa jamii ya dungusi kakati uitwao cholla, vipande vyake hung'ang'ania mguu ukiugusa kidogo tu. Ukivuta kwa vidole unachomwa na vidole pia. Pitisha kitana chini ya miiba, rusha mbali.

Mchana tulikaa kivulini. Jua lilipolegea tulirudi mchangani, na yale maua meupe yakaanza kufunguka upya, kwa kuwa ni ya usiku. Magari mengi yalikuwa yameshaondoka.