Viboko wa Jinja, Twiga wa Pian Upe

Mzee mmoja alizaliwa Walukuba, Jinja, nchini Uganda, mwaka 1954, mwaka uleule Malkia Elizabeth wa Pili alipokuja kufungua bwawa la Owen Falls. Kabla hajajua kusoma, alikuwa amekwisha kuijua ratiba ya kiboko. Giza likiingia, kiboko hutoka Nile, hufuata njia ileile ya jana, hula majani mpaka kilo 40 kwa usiku mmoja, na alfajiri amesharudi majini. Watoto walionywa jambo moja: usisimame kati yake na maji.

Uwanja wa gofu, ulio jirani na mto, ulikuwa malisho. Kanuni ya klabu ilimruhusu mchezaji kuuokota mpira uliotumbukia kwenye unyayo wa kiboko, bila adhabu. Mji mzima ulikuwa umejipanga hivyo, kwa kujua kwamba usiku una wenyewe.

Kisha zikaja bunduki. Katika utawala wa Idi Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, na katika vurugu zilizofuata, wanyamapori waliuawa nchi nzima. Kufikia 1983 Uganda haikuwa na kifaru hata mmoja porini. Jinja nayo ikapanuka, kingo za mto zikajaa nyumba, hoteli na bustani. Anavyokumbuka mzee, nyayo zilipungua mwaka hadi mwaka, na pamoja nazo yakapotea maonyo ya jioni. Wajukuu zake hawakuwahi kuambiwa chochote kuhusu kiboko.

Yeye alihamia Mbale, akawa dereva wa lori kwenda Moroto. Barabara ya Muyembe hadi Nakapiripirit inapita katikati ya hifadhi ya Pian Upe, zaidi ya kilomita za mraba 2,000 za nyika chini ya Mlima Elgon. Kwa miaka mingi twiga hawakuwapo humo. Mwaka 2019 Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda ilileta 15 kutoka Murchison Falls, kwa malori.

Siku alipowaona karibu na barabara alizima injini, akatulia. Vijana aliowabeba waliruka chini na simu mikononi, wakawakimbilia. Aliwaita kwa ukali warudi: teke la twiga humuua simba. Mnyama alikuwa amerudishwa, lakini hakuna aliyewarudishia vijana ujuzi wa kuishi naye.

Na ujuzi huo utahitajika, kwa sababu twiga hasomi mpaka. Kouré, nchini Niger, twiga wanaishi katikati ya mashamba ya watu. Mwaka 1996 walikuwa 49. Leo wamepita 600. Wanakula kunde na maembe ya wakulima, na bado wakulima ndio waliowaacha waongezeke, maana walishirikishwa na wakapata chao katika utalii.

Uganda haianzi patupu. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 iliunda mfuko wa fidia unaotengewa asilimia 2 ya mapato ya Mamlaka, kwa anayeumizwa au kuharibiwa mali na mnyama wa porini. Fidia hiyo impate mkulima kabla msimu mwingine haujaanza. Na wazee wa Jinja waliokua na viboko waitwe wakafundishe katika shule za Mbale na Nakapiripirit, wangali hai.