Jinsi Tulivyoandikwa Kazi ya Lori

Wanafunzi wetu wakisha kumaliza shule hutuuliza swali moja: "Mwalimu, ni kweli kwamba ulikuwa dereva wa lori? Ulifanyaje hata ukaandikwa?" Hatuwalaumu. Njaa ya kazi ni kubwa katika Kivu yetu ya Kaskazini, na kijana aonapo Fuso lililojaa mifuko ya chumvi likipanda vilima vya Mushaki, hudhani yule aliyeshika usukani amekwisha kuokoka. Basi leo twawajibu, ingawa jibu lenyewe si la kujisifu.

Sisi tulilelewa na misioni, tukasoma seminarini miaka kadhaa, tukatoka kwa hiari yetu, tukawa mwalimu wa shule ya msingi katika nchi ya Masisi. Mwezi wa Septemba 2019 ilitangazwa kwamba masomo ya shule za msingi yatakuwa bure. Wazazi walishangilia, nasi tulishangilia pamoja nao, maana tuliwajua watoto waliofukuzwa darasani kwa ajili ya fedha kidogo. Walakini fedha zile za wazazi ndizo zilizokuwa mshahara wetu. Katika orodha ya walimu wanaolipwa jina letu halikuwamo. Tuliambiwa tungoje, litatokea. Mwaka ukapita, na wa pili ukaanza. Siku moja tulirudi nyumbani tukaona mahali pa cherehani ni patupu. Mama watoto alikuwa ameiuza asubuhi ile, wala hakusema neno. Usiku huo tulikata shauri.

Kuendesha tulijua tangu ujana. Wakati wa likizo padre mmoja mzee alitufundisha kwa lori la misioni, lile la kubebea mbao na mawe, naye alirudia neno moja hata tukachoka kulisikia: gia utakayoihitaji kupanda mlima, ndiyo gia ya kuutelemkia. Anayetelemka kwa kukanyaga breki peke yake huzichoma, na breki zilizochomeka hazimsikii mtu. Lakini kujua kuendesha ni jambo moja, na kuandikwa kazi ni jambo jingine.

Yafaa tuwaeleze kwanza kazi yenyewe iko wapi. Bidhaa zinazoshushwa melini Mombasa hupita Uganda, na nyingine hupita Rwanda, hata kufika Goma. Wanaozileta ni madereva wa malori marefu yenye tela, wengi wao watu wa Kenya na Tanzania. Tela haliwezi kupita njia ya Masisi. Basi mizigo hushushwa Goma, hugawanywa, na kupakiwa juu ya Fuso. Hapo ndipo watu wetu hupata kazi, kutoka Goma kwenda ndani.

Tulikusanya karatasi: barua ya kuomba kazi, permi ya kundi C ambayo ndiyo ya malori, hati ya mganga, hati ya mwenendo mwema, picha mbili, na barua ya paroko. (Kijana asiyejua kuendesha asimlipe mtu wa uchochoroni amuuzie permi. Kiko Chuo cha INPP, kilichoanzishwa na serikali mwaka 1964, ambacho hufundisha kazi za mikono. Permi ya kununua haijui kutelemka Mushaki.) Tulipeleka barua yetu kwa kampuni moja ya uchukuzi mjini Goma. Ikalala. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na siku tano baadaye watu wengi wa mji waliamriwa wahame. Maelfu wakakimbilia Sake kwa miguu na magodoro yao kichwani. Nani angalisoma barua za kuomba kazi? Tuliitwa mwezi wa Julai tu.

Mtihani wa uwanjani ulikuwa mwepesi. Fundi alituambia turudishe lori kinyumenyume kati ya mapipa, tubadili gurudumu, tusikilize injini na kumwambia inaumwa wapi. Kisha bwana mwenye kampuni akatuita ndani, akatutazama sana, akauliza: "Mwalimu, mtu akikutoza faranga elfu kumi njiani bila karatasi, mimi nitajuaje kama hazikuwa elfu tano?"

Tulijibu kwamba tutaandika mahali pale pale, na saa, na kiasi.

Akacheka. "Utaandika mbele ya mwenye bunduki?"

Msomaji wa mbali huenda asifahamu kwa nini swali hilo lilikuwa kubwa kuliko la gia. Kizuizi cha njiani kwetu ni kamba, au mwanzi uliolazwa juu ya magogo mawili, na kibanda kando yake. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walihesabu vizuizi vya namna hiyo katika Kivu mbili na kandokando yake, wakapata karibu 800. Vingine ni vya watumishi wa serikali, vingine ni vya watu wenye silaha wasiotumwa na serikali yo yote. Pengine dereva hupewa kikaratasi chenye muhuri kiitwacho jetoni; mara nyingi hapewi kitu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha za kampuni hupita mikononi mwa dereva na kupotea bila ushahidi, ila neno lake tu.

Tulipewa safari moja ya kujaribiwa, kwenda Walikale, tukiwa dereva wa pili chini ya mzee mmoja aliyekuwa na miaka kumi na tisa katika kampuni ile. Hatutamtaja jina. Tulimwita Papa, kama alivyoitwa na wote, naye alituita Mwalimu. Tulipakia chumvi, sabuni, sukari na mabati, tukafunga turubai, na wasaidizi wawili wakakaa juu ya mzigo.

Goma hata Sake ni kilomita 25 hivi, na hapo hakuna la kusimulia. Baada ya Sake njia hupanda kuelekea Mushaki, na macho huona malisho ya ng'ombe mabichi kila upande, hata mtu wa Ulaya angedhani yuko kwao. Kutoka Bihambwe, penye njia ya kwenda Rubaya, hata Masisi mjini, Papa alituachia usukani, akafumba macho. Hakuwa amelala. Kila tulipokosea gia kidole chake kilipiga goti lake mara moja.

Baada ya Nyabiondo nchi hubadilika. Baridi huisha, msitu huanza, udongo huwa mwekundu na mzito. Miezi mingine ni pikipiki tu zipitazo huko. Mwezi ule madaraja yalikuwa yamesimama. Hata hivyo mvua isiyo ya majira ilinyesha, na mbele ya Kashebere tulikwama siku mbili. Lori moja likikwama huko, yote yaliyo nyuma yamekwama pia. Papa alivua viatu, akashika chepe yake, akachimba mbele ya magurudumu kama mtu anayelima shamba lake, bila haraka na bila hasira. Aliwatuma wasaidizi wakate miti, akaipanga chini ya matairi, akatuambia tupande na tusikanyage mafuta hata atakapoinua mkono. Tulipotoka, alirudi nyuma akasaidia lori lililotufuata. Posho ya safari ilikuwa imekwisha jana yake. Chakula cha watu wanne, kwa siku mbili zile, kilinunuliwa kwa fedha iliyotoka mfukoni mwake.

Tulipita Kibua na Mpofi, tukafika Walikale, tukashusha. Jioni Papa alitusimulia habari za Kilambo, karibu na hapo, ambako katika miaka ya 2000 ndege zilitua juu ya barabara yenyewe kuchukua mawe ya kasiteriti ya Bisie. Magari yalipaswa kungoja kando hata ndege irukе. Tulicheka sana. Twataja hayo ili msomaji ajue kwamba tulimpenda mzee yule.

Tulirudi na mawese na mchele. Na katika kila kizuizi, kwenda na kurudi, tulifanya kama tulivyoahidi, ila si mbele ya bunduki: tulingoja kona ya kwanza, ndipo tukaandika katika daftari. Papa aliona, hakusema kitu. Tulipolala Masisi aliliomba daftari, akalisoma polepole kwa mwanga wa simu, kidole chini ya kila mstari.

"Mwalimu, hesabu hii ni ndogo."

Tukamwambia ndiyo fedha iliyolipwa.

"Najua. Lakini hivyo sivyo tunavyoandika." Akatueleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtoto. Posho haitoshi. Siku za tope haziko katika posho. Dereva huongeza kidogo katika kila kizuizi, na kutoka huko hulisha watu wake, na kikibaki kitu hupeleka nyumbani. Madereva wote hufanya hivyo. "Si wizi," alisema, "ni ugali."

Tulifikiri sana. Tulimwambia kwamba hatuwezi kubadili mistari ile, bali tutaongeza mstari mwingine ulio wa kweli: chakula cha watu wanne, siku mbili za tope, fedha ya Papa. Akatikisa kichwa. Alikwisha kuomba mstari huo zamani, wala hakupewa. Kutoka Masisi hata Sake hakutuambia neno, ila moja tu tulipoanza kutelemka Mushaki: "Gia."

Ofisini mtunza hesabu aliweka daftari letu kando ya madaftari ya safari nyingine za njia ile ile. Hakuhitaji kuwa mtu wa elimu nyingi. Bwana mwenye kampuni alimwita Papa ndani, mlango ukafungwa, nasi tukakaa nje juu ya gurudumu la akiba. Alipotoka alitupita bila kututazama. Kisha tukaitwa sisi, tukawekewa mkataba mezani.

Tulimwombea. Tulieleza habari za tope, za chepe, na za chakula kilichonunuliwa kwa fedha yake. Bwana alisikiliza hata mwisho, akasema kwamba tangu siku ile kampuni italipa chakula cha siku za kukwama, na mtunza hesabu aandike. Neno hilo alilitimiza. Lakini Papa hakumrudisha. Alisema mtu aliyeongeza miaka kumi na tisa hawezi kupunguza katika siku moja.

Wengine watatuuliza kosa lilikuwa la nani. Kuandika uongo hatukuweza, na hata leo hatungeweza. Lakini tangu Goma tulijua tutakaloandika, naye hakujua. Tungalimwambia kabla ya kuwasha injini, angalichagua mwenyewe: kuandika kama sisi, au kumwomba bwana ampe dereva mwingine wa pili. Tulinyamaza kwa sababu tuliihitaji kazi. Hilo ndilo tuliloliungama baadaye, wala si daftari.

Nyumbani tulimweleza mama watoto kila kitu. Alifurahi kwa kazi, akamshukuru Mungu, kisha akauliza: "Na yeye ana watoto wangapi?" Tulisema saba. Akaendelea kuchambua maharagwe.

Kesho yake tulitia sahihi. Juu ya mkataba tuna neno kwa vijana: sheria ya kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, yataka mkataba uwe wa maandishi, nayo hairuhusu mtu wa ufundi awekwe katika majaribio zaidi ya miezi sita. Wako madereva wanaojaribiwa miaka. Usipande lori bila karatasi, na karatasi usiisahihi bila kuisoma. Sisi tuliendesha hata Februari 2023, vita vilipofika Mushaki na njia ikafungwa, ndipo tukarudi darasani.

Siku ya Jumatatu Papa alikuja uwanjani kutoa funguo, zimefungwa katika kitambaa cheupe. Hatukutazamia aseme nasi, lakini alizunguka lori zima pamoja nasi. Breki ya nyuma, upande wa kushoto, hukawia kushika, uipe muda. Katika daraja lililo mbele ya Kashebere uwashushe watu wote, hata mgonjwa, na mmoja atangulie kwa miguu. Nyabiondo usilale penye soko. Yuko mjane karibu na kanisa, mwambie umetumwa na mimi, atakupa mahali na moto. Alisema hayo yote bila haraka, kama alivyochimba lile tope. Tulitaka kumwomba msamaha, na neno halikutoka.

Mwisho alifungua sanduku la vyombo, akatoa chepe. Alikuwa ameinunua kwa fedha yake. Akaiweka begani, akaanza kwenda kwa miguu kuelekea Ndosho, kisha akageuka.

"Ukinunua nyingine," akasema, "iandike katika daftari."