Safari Yangu ya Minnesota na Wale Walionisafirisha

Tarehe 9 Januari mwaka wa 2019, saa sita kasorobo ya usiku, nilikuwa nimeketi ndani ya ndege katika uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Nilishika mapajani bahasha kubwa ambayo nilikuwa nimekatazwa kuifungua, maana ndani yake zilikuwamo karatasi zangu za kuhamia Marekani, nayo ilipasa kufunguliwa na ofisa wa huko tu. Bwana aliyeketi kando yangu aliniuliza, "Wasafiri peke yako?" Nikamjibu kwamba ndiyo. Jibu hilo limenisumbua tangu siku ile, kwa kuwa halikuwa kweli. Nataka kuwaeleza wasomaji ni nani hao waliosafiri pamoja nami, ingawa hawakuonekana ndani ya ndege.

Kwetu ni karibu na Kebirigo, katika kaunti ya Nyamira, nchi ya vilima, migomba na majani chai. Kazi yangu ilikuwa ukarani wa mizani. Wakulima wakileta majani chai katika kituo cha kununulia, mimi huyapima, huandika kilo, na kumpa kila mtu karatasi yake. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2017 nilijiandikisha katika ile bahati nasibu ya viza ambayo sheria ya Marekani ya mwaka wa 1990 iliianzisha. Wakati huo kujiandikisha kulikuwa bure kabisa. Walakini bwana mmoja mjini alinitoza shilingi 3,000, akisema ana njia yake ya kuyafikisha maombi mbele ya mengine. Njia hiyo haikuwako. Nimeyataja hayo kwa sababu katika safari nzima huyo peke yake ndiye aliyechukua bila kutoa, na si vibaya ahesabiwe upande wake.

Mwezi wa Mei mwaka wa 2018 nilipata habari kwamba jina langu limechaguliwa. Furaha ile haikudumu hata wiki moja, maana nilianza kupiga hesabu. Ada ya viza ilikuwa dola 330, yaani shilingi 33,000 na zaidi, na ukinyimwa viza hurudishiwi. Kisha kulikuwa na ada ya kupimwa afya, nauli ya ndege, na fedha za kujikimu mpaka kazi ipatikane. Mshahara wa karani wa mizani haufiki huko.

Basi nilikwenda katika chama chetu cha akiba na mikopo kuomba shilingi 250,000. Wasomaji walio wanachama wa vyama hivyo wanajua kanuni yake: mkopo hautoki mpaka wapatikane wadhamini, na akiba ya kila mdhamini hushikwa mpaka deni lipungue. Mimi nilikuwa mtu anayetaka kuvuka bahari. Ni nani atakayeweka sahihi yake kwa mtu wa namna hiyo? Wengine walinipa chai, wakanishauri vizuri, wala kalamu hawakuishika, nami siwalaumu. Nilipata watu wanne: makarani wawili tuliofanya kazi pamoja, mjomba wangu, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyenifundisha hesabu zamani. Simtaji jina kwa kuwa hakuniruhusu. Yeye alisoma fomu yote, hata yale maandishi madogo ya nyuma, kisha akaniuliza, "Mwanangu, ukifika huko utanikumbuka?" Nikasema nitamkumbuka. Akatia sahihi.

Mwezi wa Oktoba ulipofika na wakulima wakalipwa malipo ya mwisho wa mwaka, yale yanayoitwa bonasi, Mama alitoa sehemu kubwa ya malipo yake akanipa. Tena aliuza mtamba mmoja. Mwezi wa Desemba ndugu na majirani walikusanyika nyumbani kwetu kuniombea na kunichangia. Wengine walileta fedha mkononi, wengine walituma kwa simu kutoka Nairobi na Mombasa. Shemeji yangu mmoja aliandika kila kitu katika daftari la kurasa 48. Ninalo mpaka leo. Mna majina 63. Yako ya shilingi 5,000, na yako ya shilingi 50. Jina la kumi na saba limeandikwa mbele yake, "jogoo mmoja". Jogoo huyo aliuzwa palepale, akanunuliwa na mtu wa jina la kumi na nane, naye akamrudisha kwa mwenyewe.

Mzee mmoja aliyesimama kusema jioni ile alitukumbusha ya kuwa jambo hilo si jipya katika Kenya. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege iliyokodiwa kwenda kusoma Marekani, baada ya Bwana Tom Mboya kuzunguka nchi ile akiomba msaada wa nauli. Mwaka uliofuata waliondoka wengine wengi zaidi, na miongoni mwao alikuwamo msichana wa Nyeri aliyekwenda chuoni Kansas, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Profesa Wangari Maathai. Marekani watu mashuhuri walitoa fedha, hata jamaa ya Kennedy ilitoa. Lakini huku nyumbani ng'ombe waliuzwa, na karamu za chai na ngoma zilifanywa ili vijana wapate viatu, masanduku na fedha za mfukoni. Mzee alisema baba yake alitoa shilingi tano kwa kijana ambaye hakumwona tena maisha yake yote. Watu walicheka, lakini mimi nilihisi ya kuwa neno lile nimeambiwa mimi.

Siku ya kufunga mizigo nilipeleka masanduku yangu mawili kituoni, tukayapima kwa mizani ileile niliyoitumikia miaka sita. Shirika la ndege liliruhusu kilo 23 kwa kila sanduku. La pili lilikuwa kilo 27, kwa sababu Mama alikuwa ameficha chini ya nguo unga wa wimbi kilo nne. Niliondoa suruali mbili, sweta na viatu, unga ukakaa. Wakulima waliokuwa wakingoja zamu yao walishuhudia kipimo, na mmoja akanidai karatasi ya kilo kama ilivyo desturi.

Safari yenyewe sina haja ya kuieleza sana. Tulipitia Kericho na Nakuru mpaka Nairobi, wakanisindikiza jamaa kumi na wanne katika matatu moja. Saa nane za usiku angani nikafika Amsterdam, na saa tisa nyingine nikafika Minneapolis. Ofisa alifungua bahasha yangu, akanichukua alama za vidole, akaniuliza kama nina chakula. Nilisema nina unga wa wimbi. Aliutazama, akaunusa, akanirudishia.

Nje alikuwa akiningoja kaka yangu, mwana wa baba mdogo, aliyekuwa ameishi huko miaka tisa. Kabla ya kunisalimu alinivika koti. Koti hilo lilikuwa la Mkenya mmoja wa Kakamega aliyehamia kusini kwenye joto, akaliacha kwa ajili ya mgeni yeyote atakayefuata. Nilikuwa wa tatu kulivaa. Tulikwenda Brooklyn Park, mji ulio kaskazini ya Minneapolis, wenye Wakenya wengi na Waliberia wengi zaidi. Kaka na shemeji walikuwa na vyumba viwili na watoto watatu. Watoto wawili walihamishiwa chumba cha wazazi, nami nikapewa kitanda chao. Mkubwa alilala sebuleni miezi minne wala sikumsikia akinung'unika. Jirani yao Mliberia alileta viatu vya theluji. Alinifundisha kutembea juu ya barafu kwa hatua fupi, unyayo wote ukikanyaga chini. Nilimwambia nimeyajua hayo tangu utoto, maana njia za kwetu wakati wa masika zina utelezi uleule, ila rangi tu.

Baridi niliyoikuta haikuwa ya kawaida hata kwa wenyeji. Tarehe 30 Januari, wiki ya tatu tangu nifike, kipimo kilishuka mpaka digrii 33 chini ya sifuri. Shule zilifungwa, na hata barua hazikupelekwa majumbani siku hiyo. Nilipotoka mlangoni pumzi ilinikata, na nywele za pua zikawa ngumu kama sindano. Shemeji aliondoka saa kumi na moja za alfajiri kwenda kazini, kwa kuwa alitumika katika nyumba ya kutunzia wazee, na wazee hawawezi kuachwa kwa sababu ya baridi. Nilimtazama kwa dirisha akikwangua barafu kwenye kioo cha gari. Wako watu nyumbani wanaodhani ya kuwa dola zaokotwa huko kama mapera. Natamani wangalisimama dirishani pale.

Walakini nchi ile ni nzuri, nami sitaki kuisingizia. Wenyeji huiita nchi ya maziwa elfu kumi, na hapo wamejipunja, kwa maana maziwa makubwa ya kutosha kuhesabiwa ni 11,842. Wakati wa baridi huganda, watu wakaendesha magari juu yake na kutoboa matundu ya kuvulia samaki. Theluji ilipoyeyuka mwezi wa Aprili, kaka alinipeleka kuuona Mto Mississippi mjini Minneapolis, penye maporomoko yaitwayo ya Mtakatifu Anthony. Nguvu ya maji yale ndiyo iliyozungusha vinu vya ngano, hata kutoka mwaka wa 1880 mpaka 1930 mji huo ukasaga unga kuliko mji mwingine wowote duniani. Kimojawapo cha vinu vile kililipuka tarehe 2 Mei mwaka wa 1878, vumbi la unga liliposhika moto, wakafa watu 18. Walikijenga upya, leo kuta zilizobaki zimefanywa makumbusho.

Nilikaa hapo saa nyingi. Nilikuwa nimezoea kudhani ya kuwa unga ni kitu cha kwetu, cha mashine ya kusaga ya sokoni na kina mama wenye madebe. Kumbe nimefika katika mji uliojengwa kwa unga, nami nimebeba kilo nne zangu kutoka Kebirigo! Jioni ile shemeji alisonga ugali wa mwisho wa wimbi ule, akawaita Wakenya wa jengo lile, watu kumi na mmoja, kila mtu akapata tonge mbili. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa hajafika nyumbani kwa miaka kumi na miwili, alikula polepole sana wala hakusema neno.

Kaka alinilipia mafunzo ya kutunza wagonjwa, ambayo kwa sheria ya Marekani hayapungui saa 75, nikaanza kazi mwezi wa Mei. Kila mwezi nilituma sehemu ya mkopo, nikajiona mtu mwaminifu. Nilimpigia Mwalimu simu mara mbili, nikamweleza habari za theluji. Alinisikiliza na kucheka.

Mwezi wa Agosti Mama aliteleza katika mazungumzo akasema jambo ambalo alikuwa amekatazwa kusema. Mtoto wa Mwalimu alikuwa ameitwa kuingia kidato cha kwanza katika shule nzuri ya bweni mwezi wa Januari, mwezi uleule niliosafiri. Mwalimu alikwenda chamani kuomba mkopo wa karo. Wakamwambia akiba yake imeshikwa kwa sahihi aliyomwekea karani fulani aliye Marekani, na iliyobaki haitoshi. Alirudi nyumbani, akampeleka mtoto shule ya kutwa iliyo karibu. Aliagiza nisiambiwe, eti mgeni katika nchi ya baridi hatwishwi mzigo wa pili.

Kati ya baridi ile na habari hii, hii ndiyo iliyonitetemesha. Majina 63 niliyajua, maana yaliandikwa. Lakini jambo hili kubwa kuliko yote halikuwa limeandikwa daftarini. Nilimpigia simu nikataka kulipa karo ili kijana ahamishwe. Mwalimu alikataa, akasema amekwisha kuzoea, na hesabu anafanya vizuri. "Wewe maliza deni," alisema, "nami nitapata changu." Nikaomba zamu za usiku. Mkopo uliokuwa uishe mwishoni mwa mwaka wa 2021 niliumaliza mwezi wa Desemba mwaka wa 2020, katika mwaka ambao ugonjwa wa korona uliingia katika nyumba za wazee na kutuulia wengi tuliokuwa tukiwalisha kwa mikono yetu. Habari za mwaka ule zataka makala yake peke yake.

Nilikwenda nyumbani likizo mwezi wa Desemba mwaka wa 2022. Kijana wa Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza amemaliza mtihani wa kidato cha nne. Nilizunguka na daftari lile, nyumba kwa nyumba. Watu tisa kati ya 63 walikuwa wamefariki, nikawashukuru watoto wao. Mwenye jogoo alinichinjia mwingine.

Siku ya mwisho Mwalimu alikuja kwetu, akaketi, akanywa chai, kisha akatoa karatasi katika mkoba. Ilikuwa fomu ya mkopo wa chama chetu, kwa ajili ya karo ya chuo cha mwanawe. Alijua ya kuwa sijauacha uanachama wangu. Nilichukua kalamu. Akanizuia mkono kwanza, akaniambia niugeuze ukurasa, nisome yale maandishi madogo ya nyuma.