Njia ya Gahlaur

Tulipotoka mjini Gaya, katika jimbo la Bihar nchini India, kwenda kijiji cha Gahlaur, tulioneshwa kilima cha mawe kilichokuwa kimewafungia wanakijiji njia. Kutoka upande wa Atri hadi Wazirganj, watu walilazimika kukizunguka kwa mwendo wa kilomita 55.

Inasimuliwa kwamba mke wa Dashrath Manjhi, kibarua wa kijijini hapo, aliumia akipanda kilima hicho, na tabibu alikuwa mbali. Mwaka 1960 mumewe alishika nyundo na tindo. Alipoziweka chini mwaka 1982, alikuwa amepasua njia yenye urefu wa mita 110 na upana wa mita 9. Safari ikawa kilomita 15. Waliomcheka wakapita humo humo.

Manjhi alifariki mwaka 2007. Kabla ya hapo, mwaka 2000, serikali ya India ilianzisha mpango wa barabara za vijijini: makazi ya nchi tambarare yenye watu 500 au zaidi, na ya milimani yenye 250, yafikiwe na barabara ipitikayo majira yote.

Mpango huo ni mwema. Hata hivyo, tukiwa tumesimama kati ya kuta zile mbili za mawe, tulijiuliza: penye watu 200, mama akishikwa na uchungu usiku, uchungu wake ni mdogo? Kabla ya kuuliza wakazi ni wangapi, na tuulize kwanza mgonjwa wao atapita wapi.