Mtongwe: Safari Fupi ya Ng'ambo

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa nchi kavu na bahari. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, khasa kina mama na mabinti zetu, wiki hii hatuwapeleki mbali. Mtu akisimama kisiwani Mombasa, upande wa Kilindini, akatazama ng'ambo ya kusini, ataona minazi, miembe na mapaa machache yakichungulia. Hapo ndipo Mtongwe. Maji yanayotutenga nako hayana upana mkubwa, lakini wengi wetu tumezeeka bila ya kutia mguu. Sisi wenyewe tumevuka Likoni mara zisizo idadi, tukienda mazikoni na maulidini huko Kwale, wala hata siku moja hatukukunja kulia.

Mwezi uliopita tulikunja. Tulifuatana na ahli yetu baada ya Sala ya Alfajiri, tukavuka kwa feri, kisha tukapanda matatu ya Mtongwe. Kadiri gari lilivyosogea, maduka yalipungua na miti ikazidi. Kuna kambi ya wanamaji, na mbele yake mlango wa bahari, na ng'ambo yake winchi za bandari zinazopakua makontena usiku na mchana. Kijana wa Mtongwe huamka akiziona winchi hizo kila siku. Kupata kazi chini yake ni jambo jingine.

Huu si mtaa wa juzi. Katika miaka ya 1970 na 1980 watafiti wa Kijapani walifukua hapa zana za mawe za watu wa zamani mno. Tangu enzi za wazee wetu, pwani hii ya kusini imekuwa ya Wadigo, na pia yahusishwa na Watangana, ambao pamoja na Wakilindini na Wachangamwe ndio Thelatha Taifa. Ilikuwa ndani ya ukanda wa maili 10 wa Sultani wa Zanzibar, uliotiwa chini ya Waingereza mwaka 1895. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ikamtaka kila mwenye ardhi ajitokeze kuidai, na isiyodaiwa ikawa ya serikali. Athari yake twaiona hadi leo katika Pwani yetu: mtu aweza kukuonyesha kaburi la babu yake, asiweze kukuonyesha hati ya kiwanja anacholala.

Tuliwakuta kina mama katika shughuli zao. Huyu alikuwa akiuza mahamri na mbaazi, yule akisuka makuti, mwingine akijadiliana bei na kijana wa mkokoteni wa maji, kwani maji hapo hununuliwa kwa mtungi. Watoto walikuwa wametoka chuoni, misahafu kifuani. Kila tulipopita tulitolewa salamu kamili, kisha tukaulizwa sisi ni wa nani.

Mama mmoja mtu mzima, umri wake wapata miaka 70, alitukaribisha chini ya mwembe wake, akamkunjulia mkeka ahli yetu. Alikuwa akisuka ukili, na mikono yake haikusita hata alipoanza kutusimulia habari ya Ijumaa ile.

Wasomaji wa rika letu wanaikumbuka. Tarehe 29 Aprili 1994, katika Mfunguo Pili, wiki tatu kabla ya Idi ya Kuchinja, feri iliyotoka Mtongwe asubuhi ilipinduka ikiwa imechukua watu kupita kiasi, wengi wao wakienda kazini kisiwani. Haikuwa imefika mbali na nchi kavu. Walikufa watu 272.

"Mwanangu sheikh," alisema, "nilimtilia chai, akanywa amesimama. Akaniambia atarudi mapema, asali Ijumaa huku kwetu. Aliletwa siku ya pili."

Alikaa eda, kisha akainuka. Watoto wanne aliwalea kwa ukili na makuti. Tangu siku hiyo hakupanda tena chombo chochote. Dada yake alipofariki huko Mji wa Kale, hakuvuka kumzika. Alisoma Yasini papa hapa, uso ameuelekeza majini.

Huduma ya feri ya Mtongwe ilirejeshwa mwaka 2017, kisha ikasimama tena. Wakati wa Korona likajengwa daraja la kuelea la waendao kwa miguu, kati ya Liwatoni na Ras Bofu, likaanza kutumiwa Januari 2021. Lakini kwa miaka mingi njia ya mtu wa Mtongwe imekuwa ni kuzunguka Likoni, kisha kusongamana na umma mzima kwenye feri. Na mjukuu wa mama huyu, binti anayesomea uuguzi kisiwani, huvuka kila siku ya masomo. Bibi yake hali chakula cha jioni mpaka amwone mlangoni.

Tulimuuliza kama ana haja tuifikishe kwa wasomaji wetu. Tulidhani atataja maji au hati ya kiwanja. Akasema: "Waambieni watu wawafunze wasichana kuogelea. Wavulana wetu wajua, hujifunza wenyewe kwenye mitumbwi. Huyu mjukuu wangu hajui, na mama yake hajui, na mimi sijui. Sote tumezaliwa hapa hapa, bahari iko mlangoni."

Ndugu wasomaji, tulinyamaza, kwani tulikuwa na binti watatu nyumbani na hakuna hata mmoja ajuaye kuogelea. Tumewafundisha sitara, na hilo ni wajibu. Lakini kuhifadhi nafsi ni katika makusudio matano ya sharia, na imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar, Allah amridhie, kuwa aliusia watoto wafunzwe kuogelea. Sitara na kuogelea havigombani. Huko Nungwi, kaskazini ya Unguja, mahali ambapo msiba wa meli ya Spice Islander wa Septemba 2011 ulitokea karibu yake, wasichana wa Kiislamu wamefundishwa kuogelea na walimu wa kike, wakiwa wamevaa mavazi yanayowasitiri mwili mzima. Kilichowezekana Nungwi hakishindikani Mtongwe, Likoni wala Kisauni.

Basi twawaomba wakuu wa madrasa za ufuoni walitazame jambo hili katika likizo za watoto: saa ya maji kupwa na kutulia, ufuo wenye faragha, na mama mwenye ujuzi wa kufundisha. Akina dada mnaojua kuogelea, hiyo ni elimu, nayo ina zaka yake, ambayo ni kuwafunza wengine. Na akina baba, tusiwe sisi ndio kizuizi.

Tuliondoka magharibi ikikaribia. Njiani tulipishana na binti mwenye sare ya uuguzi, akitembea haraka kuelekea kwenye mwembe ule. Alitusalimu, nasi tukamjibu, wala hatukumchelewesha.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amemtaja aliyekufa maji katika jumla ya mashahidi. Twamwomba Mwenyezi Mungu awakubalie daraja hiyo waja wake wa Ijumaa ile, awape subira waliobaki, na awavushe salama wote wanaovuka alfajiri na jioni. Amin.