Hakimu na Mpiga Picha

Mavazi ya vijana hayajawahi kukosa mahakimu. Kila kizazi huwaona watoto wake wamevaa vibaya, kikasahau kwamba nacho kiliwahi kusemwa. Ndiyo maana ninawaheshimu wapiga picha waliowatazama vijana bila kuwahukumu, na wa kwanza kwangu ni Malick Sidibé wa Bamako.

Mali ilipata uhuru mwaka 1960. Miaka ile vijana wa Bamako walianzisha vilabu vyao vya starehe, wakashona suti na magauni, wakacheza twisti kwa santuri za kigeni. Jumamosi usiku Sidibé alitoka dansi hili akaenda lile, kisha akarudi studio kusafisha filamu. Picha ndogo ndogo alizibandika mahali pa kuonekana, vijana wakaja kujitafuta na kuagiza zao. Basi alijua kuwa kila aliyempiga picha angekuja kuidai sura yake. Nadhani hapo ndipo ilipotoka ile heshima tunayoiona katika picha yake ya usiku wa Krismasi mwaka 1963: mvulana na msichana pekupeku wanacheza, vichwa vimekaribiana, wala hawana habari na kamera.

Kwetu Dar es Salaam mahakimu walikuwa na nguvu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: sketi fupi, mawigi na suruali za kubana marufuku kuanzia Januari 1969. Shangazi yangu, karani wa mjini, aliipeleka sketi yake kwa fundi ikageuzwa foronya. Picha aliyopigwa nayo studio aliificha chini ya sanduku.

Alipofariki, hiyo ndiyo picha pekee ya ujana wake tuliyoipata. Mmoja wa wanawe akasema haifai kuwekwa mbele ya waombolezaji. Bibi mmoja, rafiki wa marehemu, akaichukua, akaitazama sana, akasema, "Wekeni. Huyu ndiye ninayemjua mimi."

Ikawekwa.

Sidibé alipewa Simba wa Dhahabu huko Venice mwaka 2007, akafariki mwaka 2016. Ndugu msomaji, leo kamera imo katika simu ya kila mtu. Ukimwona kijana kajipamba barabarani, usimpige kwa kumwibia ili ukamcheke. Mwombe, kisha mpe picha yake. Huenda wanawe wakaja kuihitaji.