Pensheni ya mwalimu, hisa za nani?

Jamani, kuna kisa cha Marekani hakinitoki kichwani. Kampuni ya Edison Schools, aliyoianzisha Chris Whittle mwaka 1992, ililipwa kodi za wananchi iendeshe shule za umma. Mwaka 1999 ikaingia soko la hisa, hisa moja dola 18. Mwaka 2002 Philadelphia ikaikabidhi shule 20. Mwaka huohuo hisa ikaporomoka chini ya dola moja. Mwaka 2003 ikanunuliwa, tena kwa fedha za mfuko wa pensheni wa Florida, zikiwemo za walimu wa shule za umma!

Mimi ni mtoto wa mwalimu, nauliza: walimu waliulizwa? Duka likifilisika, wateja huhamia la jirani. Mtoto wa darasa la tatu atahamia wapi katikati ya muhula? Mnaonaje?